Kabati la Ayeeyo Dahabo

Lori lililonipeleka Garissa lilikuwa limebeba mbao za mbambakofi, nami nilikaa juu ya mbao hizo tangu Mokowe. Nafasi ya mbele ilikuwa ya dereva, utingo wake, na mama mmoja aliyekuwa akirudi Hola na mtoto mgonjwa. Sisi wengine tulipewa mzigo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nina mfuko wa patasi nilizozifunga kwa kipande cha kikoi, na nimeichoka Lamu, ambako nilikuwa nimejifunza kuchonga nakshi mpaka nikawa naota majani na maua. Huko Lamu waliniambia kuna mzee Mbajuni anayeishi Garissa, anatengeneza vitanda vya kizamani, vile vya miguu iliyokerezwa na ubao wa kichwani wenye nakshi, na kwamba anatafuta mtu wa patasi. Sikuuliza Garissa ni mbali kiasi gani. Katika umri ule mtu haulizi.

Garsen tulisubiri askari wa kusindikiza magari, tukala wali kwa kambare, kisha mvua ikatukuta kabla ya kufika Hola. Udongo mweusi wa Tana ukilowa haubebi hata mbuzi. Magurudumu yalizama, dereva akashuka, akatazama, akavua viatu na kusema, "Shusheni mbao." Tulidhani anataka kupunguza uzito. Kumbe alitaka barabara. Tulizipanga mbao chini ya magurudumu, lori likasogea kiasi cha urefu wake, tukazichomoa za nyuma tukaziweka mbele, likasogea tena, hivyo hivyo mchana kutwa, huku yule mama akitupigia makofi kutoka dirishani kana kwamba tunacheza mpira. Tulipofika mahali pakavu nilikuwa nimeubeba kila ubao mara kadhaa. Niliujua uliokuwa mzito, uliojipinda, na wenye fundo karibu na ncha. Kesho yake tulipita Madogo, tukaonyesha vitambulisho darajani, tukaingia Garissa tukiwa wa rangi moja na shehena yetu. Mzee Shee alitoka karakanani akiwa na penseli sikioni, akazunguka lori bila salamu. "Niliagiza mbao," akasema, "nimeletewa matope. Na wewe ni nani, tope jingine?"

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Mzee Shee amefariki. Nilipata habari nikiwa Isiolo, ambako nina karakana yangu kwa sasa. Nasema kwa sasa kwa sababu sijawahi kukaa mji mmoja mpaka watoto wa jirani wakajua jina langu. Aliyenipigia ni Idil. Nilimjua akiwa bibi harusi asiyeruhusiwa kutoka chumbani, na leo ana wana waliomaliza shule. Aliniambia mzee alizikwa siku ile ile, kabla ya alasiri, na kwamba watu walijaa. Kisha akasema, "Lamu, ile kabati bado iko. Milango inafunga na kidole moja." Garissa hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni mtu wa Voi, lakini nilishuka na mbao za Lamu, basi nikawa Lamu. Nilipokata simu sikurudi kwenye kazi iliyokuwa mezani. Nilikaa kwenye kigogo nje, na badala ya huzuni niliyoitarajia nikajikuta nimejaa fahari, fahari ya mtu aliyewahi kufanya kitu kimoja sawasawa.

Karakana ya Mzee Shee ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za mkoko, pembeni mwarobaini mkubwa uliotupa kivuli mpaka saa nane, baada ya hapo kila mtu na jua lake. Punda wa maji walipita mlangoni tangu alfajiri. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye kifua cha mpiga makasia, na majivuno ambayo sijayaona tena kwa binadamu. Alizaliwa Kismayu, akakimbia wakati wa vita, na vitu alivyovuka navyo mpakani ni randa moja ya chuma na jina la baba yake. "Mfalme akikimbia huacha kiti," alikuwa akisema. "Mimi nilikiacha kiti kwa sababu naweza kukitengeneza kingine." Asubuhi tulikula anjera na maini ya mbuzi, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, naye akaniambia makosa yangu ya jana huku akitafuna. Miezi ya mwanzo nilikereza miguu ya vitanda tu. Mguu, mguu, mguu. Nikimuonyesha nakshi ya Lamu niliyochonga kwenye kipande cha mbao kilichobaki, alikigeuza, akakitazama upande usio na nakshi, na kusema, "Huku umepiga randa vibaya."

Zile mbao za matopeni tuliziosha, tukazipanga kivulini na fito katikati yake ili upepo upite, na akakataza mtu kuzigusa. Mbao ya pwani ikifika Garissa, alisema, ni kama mgeni aliyetoka safari: usimpe kazi kabla hajakauka jasho. Nilikuwa nimewaona mafundi wa pwani wakileta huko makabati mazuri, na baada ya kiangazi kimoja milango inapasuka katikati kama mdomo wa mtu mwenye homa, kwa sababu walikuwa wamezibana mbao kwa gundi kila upande. Yeye alinifundisha kuuacha ubao wa mlango ukae ndani ya fremu bila gundi, uingie kwenye mfereji wake na kuachiwa nafasi, ukitaka kunywea unywee, ukitaka kutanuka utanuke. Mpaka leo wateja wangu wakitikisa mlango na kusikia ubao ukicheza kidogo huja juu, nami huwaambia wangoje Januari.

Mama Sahra alikuja karakanani wakati wa kiangazi. Alikuwa akiuza vitambaa sokoni kwa jumla, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia, na binti yake wa mwisho, huyo Idil, alikuwa anaolewa. Kwao ndugu wa upande wa mama ndio hupamba nyumba ya bibi harusi, na baada ya harusi bibi harusi hukaa chumbani siku saba, wanawake wakija kumwona, kula, kunywa chai, na kutazama kila kilichomo kwa macho yasiyo na huruma. Mama Sahra alitaka kabati. Lakini hakutaka kabati lolote. Mama yake, Ayeeyo Dahabo, yaani Bibi Dahabo, alikuwa na kabati Kismayu, alilopewa na mama yake mwenyewe siku alipoolewa, kazi ya mafundi wa zamani, la taji juu, milango miwili ya nakshi, droo ndogo ndogo za manukato na dhahabu. Lilibaki huko. Hakukuwa na picha. Lilikuwa ndani ya kichwa cha bibi kizee tu, naye alisema atamwozesha mjukuu wake na kabati lile au mjukuu aolewe na chumba kitupu.

Mama Sahra alikuwa amefuatana na kaka yake, Farah, mwenye duka la fanicha za kutoka Dubai kwenye barabara kuu. Farah alivaa miwani ya jua hata chini ya mabati. "Abaayo, usisumbue watu," akamwambia dada yake. "Kwangu iko kabati ya kung'aa, iko na taa ndani. Ukifungua, taa inawaka. Hii ya mbao ya miti itapasuka kabla mtoto ya kwanza azaliwe."

"Farah, nyamaza. Wewe hata mama yako ungeuza kama angekuwa na taa."

Mzee Shee alicheka mpaka penseli ikaanguka. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yeye makabati yale aliyaona utotoni akipita tu na mbao kichwani, lakini mkono wake ni wa vitanda, na mtu wa kuchora na kuchonga kabati ni Lamu. Walipoondoka alinivuta pembeni. "Shule ya sekondari walikufundisha kuchora, si ndiyo? Basi chora. Kata. Chonga. Mimi nitashika msumeno upande wa pili. Ayeeyo akilikubali, nitakuita fundi mbele za watu. Akilikataa, utarudi kwenye miguu ya vitanda, na hiyo nakshi yako utaichongea mbuzi." Nilikuwa nimetamani neno lile, fundi, kuliko nilivyotamani chakula. Katika kazi yetu mtu hajiiti. Anaitwa, na mtu mwenye haki ya kuita, mbele ya watu wenye haki ya kusikia.

Nilikwenda kwa Ayeeyo Dahabo jioni kadhaa kumsikiliza. Chumba chake kilikuwa na zulia, mikeka, na mito mizito iliyozungushwa ukutani, na moshi wa ubani uliotoka kwenye kichomeo cha udongo ukapanda taratibu mpaka darini. Kiti hakikuwepo hata kimoja. Mimi nilisimama, au niliegemea mlango na karatasi yangu kwenye ubao, kwa heshima, na pia kwa sababu mtu husimama anapochora. Yeye alikaa miguu ameinyoosha, akapima hewani kwa mikono. Kiswahili chake kilikuwa cha Kismayu cha zamani kilichochanganyika na Kisomali, na penye kukwama Idil alimalizia. "Hapa kichwa, kama hivi. Hapa ua. Hapa mlango. Hapa droo, kidogo, kidogo, kidogo, ndani yake filfil, ndani yake uunsi, ndani yake dhahabu ya mama." Filfil ni pilipili manga, Idil akaeleza, na uunsi ni udi wao wa kufukiza. Nikachora. Nikamwonyesha. "Fizuri," akasema, hata bila kuitazama sana ile karatasi. Karatasi kwake ilikuwa kitu cha ofisini.

Nilifanya kazi ile kwa furaha ya kichaa. Nilichagua mbao nilizozibeba matopeni nikizijua moja moja. Uliokuwa mzito na ulionyooka niliupasua kuwa nguzo za pembeni. Wenye fundo niliuweka ndani pasipoonekana. Milango nilichonga ua kubwa katikati, kwenye usawa wa kifua, na taji nikalitokeza mbele kwa mapindo matatu kama nilivyoona kwenye nyumba za Lamu. Mzee Shee alipita, akatia kidole kwenye kila kiungo, akakosa kasoro, jambo ambalo lilimuudhi. Mkokoteni ulilipeleka kwa Mama Sahra majuma machache kabla ya harusi. Nilitembea pembeni yake nikiwa nimevaa shati safi.

Ayeeyo aliingia na fimbo yake. Aligusa milango, akafuata nakshi kwa kidole, akatabasamu. "Mashallah. Mkono huu mashallah." Mama Sahra akapumua kwa sauti. Mzee Shee akakaza kifua tayari kwa hotuba. Kisha bibi akaenda mahali pake, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akainua macho. Tabasamu likaondoka polepole, likaisha.

"Si hii," akasema.

"Hooyo! Mama, umeisifu sasa hivi!" akasema Mama Sahra.

"Nimesifu mkono ya kijana. Mkono ni mzuri. Kabati si hii." Alitafuta maneno. "Hii inaangalia watu ya nje. Mimi hainioni."

Farah, aliyekuwa mlangoni, hakuweza kujizuia. "Hooyo, kwangu iko moja ya kioo kubwa. Hiyo itakuona mpaka meno."

"Meno sina," akajibu mama yake. "Itaona nini?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilinipita kama upepo wa jangwa. Kufika karakanani Mzee Shee akanyoosha mkono, akaniletea gogo la mguu wa kitanda, akaliweka kwenye mashine ya kukereza, akaenda zake kuswali. Sikumlaumu. Mapatano yalikuwa wazi.

Kesho yake tulirudi na mkokoteni kulichukua. Mama Sahra aliona aibu kuliko sisi, na kwao mtu hatoki nyumbani na tumbo tupu, hasa mtu uliyemkatalia. "Kwanza kula," akasema. "Kabati haitoroki." Wakatandika kitambaa kwenye zulia, wakaleta sinia ya baasto, yaani tambi, na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu za kulia nayo, ambazo mwanzoni nilidhani ni mzaha. Nilikaa chini. Kwa bahati, au kwa sababu ndipo palipokuwa wazi, nilikaa mahali pa Ayeeyo, ambaye alikuwa chumba cha pili akiswali. Nilikunja tonge la baasto, nikainamia sinia, nikainua macho kutafuna, na kabati langu likanijia usoni kwa mara ya kwanza.

Lilikuwa baya. Sijui niseme vipi. Lilikuwa kazi nzuri na lilikuwa baya. Taji langu la mapindo matatu lilitokeza juu ya kichwa changu kama paa la kibanda, likifunika nusu ya nakshi. Lile ua la katikati, kazi ya wiki nzima, lilikuwa mbali huko juu likiwaka jua la dirishani kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni na kiatu mguuni. Droo niliona matumbo yake tu, upande wa chini ambao sikuupiga hata msasa. Na mbele ya macho yangu kabisa, pale ambapo wanawake wa siku saba wangetazama wakinywa chai, palikuwa na ubao mtupu na miguu miwili. Nililichora nikiwa nimesimama, nikalijenga nikiwa nimesimama, kwa watu ambao maisha yao yote ya nyumbani hukaa chini. Yule bibi aliniambia ukweli mtupu. Lilitazama watu wa nje.

"Mzee," nikasema, mdomo umejaa. "Kaa hapa nilipokaa."

"Mimi nakula."

"Kula ukiwa hapa."

Akaja akinung'unika, akakaa, akatazama. Akaacha kutafuna. Mzee Shee aliyeishi na Wasomali miaka yote ile, mwenyewe mtoto wa Kismayu, alikuwa ametengeneza vitanda, na kitanda hutazamwa na aliyelala. Kabati lilimpita. "Tutafanyaje?" akauliza, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akiomba ushauri.

"Tunalivunja."

"Kabati zuri halivunjwi!" Akashusha sauti, maana Mama Sahra alikuwa anasikiliza. "Ongeza nakshi kidogo huku chini, basi."

"Nikiongeza litakuwa lile lile limevaa viatu."

Mama Sahra akaweka birika chini. "Habana nakshi ya kubandika. Kama mnafunja, funjeni leo. Harusi haingoji."

Tulilibeba, tukalivunja, na kazi iliyofuata sijawahi kuifanya tena kwa raha ile. Nilitandika mkeka kwenye vumbi la mbao chini ya mwarobaini, nikakaa, nikachora upya kutoka pale. Nilikata miguu mpaka kabati likawa karibu na ardhi. Lile ua nililishusha mpaka usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na nikaongeza majani yanayopanda kutoka chini, makubwa chini, madogo juu, ili jicho lipande ngazi. Taji nililirudisha nyuma, na uso wake nikauinamisha mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza mtoto. Droo nilizigeuza, nikazipiga msasa pande zote. Zile za manukato nikaziweka chini kabisa kando ya milango, mahali mkono wa mtu aliyeketi unafika bila yeye kunyanyuka. Kila nilipochonga kidogo nilirudi mkekani kutazama. Mwisho wake nikawa nachonga nikiwa nimelala ubavu. Mzee Shee naye, ili asipitwe, akalala upande wa pili akitoa amri kwa kidole cha mguu. "Jani hilo limenenepa. La kushoto. La kushoto kwangu, si kwako."

Muuza makaa akapita na punda wake, akasimama. "Mzee Shee, leo kiwanda imelala?"

"Tunafanya kazi!"

"Kama hii ni kazi, andika mimi na punda yangu."

Habari zikaenea kwamba mafundi wa kabati la Mama Sahra wanafanya kazi wakiwa wamelala, na watu wakawa wanapitia makusudi. Farah alikuja pia, na miwani yake, akatuangalia kwa muda. "Mimi kwangu watu inasimama," akasema. Tulikuwa kwenye jani.

Tulilirudisha asubuhi, chumba kikiwa kimejaa wanawake wa ukoo waliokuja kushona mapazia. Tulilisimamisha ukutani karibu na mkeka wa Ayeeyo, tukarudi nyuma. Ayeeyo Dahabo safari hii hakuligusa. Alipita mbele yake bila kulitazama, akiwa na hadhari ya mtu aliyewahi kuumwa mahali, akaenda kwenye mkeka wake, akakaa, akanyoosha miguu, akapanga shali lake. Ndipo akainua macho. Farah, ambaye hakutaka kukosa, alikuwa amesogea mbele ya milango akiinama kukagua bawaba.

"Farah," mama yake akasema kwa upole, "toka hapo mbele. Unaniziba."

Farah akatoka. Bibi akatazama tena. Kisha, bila kunyanyuka, bila hata kuegemea, akanyoosha mkono wake wa kulia pembeni, ukaenda chini, ukakuta droo ya kwanza, ukaivuta. Hakuiangalia. Mkono ulikuwa unajua njia. Aliuacha ndani ya ile droo tupu muda mrefu, kama mtu aliyeutia mkono mtoni. "Idil," akasema, "leta uunsi yangu. Pahali yake imerudi." Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Sahra akafunika uso na mtandio, na mimi nikawa natazama dari kwa sababu macho yangu hayakuwa na kazi nyingine ambayo yangeweza kuifanya kwa heshima.

Mzee Shee akakohoa. Alikuwa ameshapanga hotuba mbili, ya kushinda na ya kushindwa, na alipenda zote. "Jamaa zangu," akasema, "mimi nilishika msumeno upande wa pili. Hii nimeiona ikichorwa, nimeiona ikivunjwa, na mtu anayeweza kuvunja kazi yake nzuri kwa mkono wake mwenyewe sina jina jingine la kumpa. Fundi ni huyu." Alinisukuma mgongoni nikaenda mbele hatua moja, nusura nikanyage shali la bibi. Nimepewa vitu vingi tangu wakati ule, hata cheti kimoja chenye muhuri. Hakuna kilichonifanya nisimame wima vile.

Zile siku saba za bibi harusi sikuruhusiwa kukaribia, lakini maneno yalivuka ukuta. Wanawake walikuja kutoka Bura, wakaja na wa Wajir, wakakaa, wakanywa chai, na Idil aliniambia baadaye kwamba waliokuja kumwona yeye walisahau kumwona. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa Mandera alikaa pale tangu adhuhuri mpaka magharibi, na kesho yake mume wake akawa karakanani akitaka makabati mawili, kwa masharti kwamba fundi aje Mandera mwenyewe akae nyumbani kwao kwanza, ayachorie huko, maana mkewe amesema fundi huyu huchora akiwa amekaa.

Nilikuwa na mwaka mzima Garissa, na nyayo zilikuwa zimeanza kuwasha. Mzee Shee alinipa karakana nusu. Alisema kwa kejeli ili nisijue kwamba anamaanisha. Nikakataa kwa kejeli vile vile. Alikasirika kweli kweli. "Nimekuita fundi juzi, leo unaondoka kama fundi. Lawama ni yangu." Tulikula maini na anjera siku ya mwisho. Alipomaliza akapangusa vidole, akasema, "Huko uendako, ukifanya kazi mbovu usitaje jina langu. Ukifanya nzuri, taja mara mbili." Nimemtaja Mandera, Lafey, Moyale, na sasa Isiolo. Nadhani nimezidisha zile mara mbili.

Basi la Wajir lilikuwa linapakia kwenye barabara kuu. Nilipofika karibu na duka la Farah nilimkuta nje, miwani imepanda kichwani, jasho linamtiririka, yeye na vijana wake wawili wamelaza kabati la Dubai ubavuni. Walikuwa wanalikata miguu. Msumeno ulikuwa umeingia vibaya, na kutoka kwenye lile kabati la kung'aa ulikuwa ukimwagika unga wa mbao ulioshindiliwa, kama gunia la ngano lililotobolewa. Mteja wake, mama mnene mwenye kikapu, alikuwa amesimama akimwambia kwamba hatalinunua mpaka literemke, kwa sababu alikuwa kwenye ile harusi na kabati refu limemchosha shingo.

Farah aliniona. Nilijiandaa kwa dhihaka, nami nilikuwa nayo yangu tayari. Akatazama mfuko wangu, akatazama basi, akashusha sauti. "Lamu. Kuja kidogo. Nikate wapi?"

Kondakta alipiga teke ubavu wa basi kuita abiria. Niliweka mfuko chini, nikawaambia vijana walisimamishe kabati, nikamwomba yule mama akae kwenye kizingiti cha duka, jinsi anavyokaa nyumbani. Nikaketi vumbini kando yake, pembeni mwa barabara ya Garissa, watu wakituzunguka, nikatazama lile kabati baya kutoka pale alipotazama yeye. Kisha nikasogea, nikachora mstari kwa penseli, mguu wa kwanza, mguu wa pili, yote minne. Farah akaukagua mstari kama mtu anayekagua kipande cha dhahabu. Mmoja wa vijana wake akasema hapo ni juu mno, droo itagusa zulia. Farah akamnyang'anya msumeno.

"Wewe unajua nini?" akasema. "Fundi amesema ni hapa."